Kificho Kinachohama: Namna ya Kukichukua, Kukificha Upya na Kuandika Kilipo

Vificho vinavyohama havifii vichakani. Vinafia mifukoni mwa watu. Katika miaka yangu ya kucheza jiokashi nimeona makopo yakisombwa na maji, yakizolewa na wafagiaji, yakiliwa na kutu. Lakini yaliyoniuma zaidi ni yale yaliyopotelea mikononi mwa wachezaji wenyewe, yakiwa yamebebwa kwa nia njema kabisa. Mtu anakipata kificho, anafurahi, anakitia begini akisema ataona baadaye pa kukiweka. Wiki inapita, mwezi unapita, begi linabadilishwa, na kopo linabaki kabatini likiwa na majina ya watu wote waliolibeba kabla yake. Ninayoyaandika hapa yote yanalenga kitu kimoja: kufupisha muda ambao kopo liko begini mwako, na kuhakikisha kwamba likitoka humo mwenzako anaweza kulipata.

Kwa asiyeujua mchezo, jiokashi ni kuficha kopo au kisanduku mahali fulani, kutangaza viwianishi vyake mtandaoni, yaani namba za latitudo na longitudo, kisha kuwaachia wengine wakitafute kwa GPS. Ndani yake kuna daftari. Ukikipata unaandika jina lako la mchezo na tarehe, halafu unakirudisha palepale ulipokikuta. Hiyo ndiyo kanuni ya vificho karibu vyote. Kificho kinachohama ndicho kinachoruhusu kinyume chake: anayekipata anakichukua, anakwenda kukificha mahali papya, na anatangaza namba mpya. Anayefuata anaanzia hapo.

Hakikisha kweli kinahama

Hili nalitanguliza kwa sababu limewahi kunikuta. Nilikuwa na kificho cha kudumu nyuma ya jiwe la chini kwenye ukuta wa zamani. Siku moja nikaenda kubadilisha daftari, nikakuta jiwe lipo na nyuma yake hakuna kitu. Mchezaji mgeni alikuwa ameona kimekaa vibaya, akakisogeza hadi kwenye mti ulio ng'ambo ya njia, kisha akaandika kwamba amekitafutia mahali pazuri zaidi. Namba hakuandika. Watu wanne walirudi mikono mitupu kabla hajajibu ujumbe wangu, na mmoja wao alikuwa amekuja na watoto wake kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo soma ukurasa wa kificho kabla ya kutoka, usome na karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Kama havisemi waziwazi kwamba kinahama, hakihami. Ukiona mahali pake pameharibika, pengine mti umeanguka au ujenzi umeanza, mwandikie mwenyewe na ukiache kilipo. Na kama mwenyewe ni wewe, unataka tu kukisogeza kidogo, kwenye Geocaching.com, tovuti kuu ya mchezo huu, unaruhusiwa kubadilisha viwianishi vya kificho chako kwa umbali usiozidi mita 161. Zaidi ya hapo unawasiliana na mhakiki, yaani anayekagua vificho kwa niaba ya tovuti. Ukitaka kukipeleka mahali tofauti kabisa, funga ukurasa wa zamani ufungue mpya, maana waliokipata pale mwanzo walipata mahali pale, na kumbukumbu yao isichanganywe na mahali pengine.

Mhakiki sasa ni wewe

Mchezo huu ulizaliwa na namba. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuivuruga kwa makusudi ishara ya GPS iliyotumiwa na raia. Kabla ya hapo kifaa cha mtu wa kawaida kingeweza kukosea hadi kama mita 100, na huwezi kumwambia mtu atafute kopo ndani ya duara la ukubwa huo. Kesho yake, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza viwianishi vyake kwenye kundi moja la intaneti, na kanuni yake ilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu. Ndani ya ndoo hiyo kulikuwa na kopo la maharage. Baadaye lilipatikana tena, likapewa namba ya kufuatiliwa, na limekuwa likipelekwa kwenye mikusanyiko ya wachezaji. Tangu mwanzo kabisa, basi, kulikuwa na vitu vya kukaa na vitu vya kusafiri.

Miaka ya mwanzo Geocaching.com ilipokea vificho vinavyohama. Baadaye ikaacha kupokea vipya, na wako wanaolalamika hadi leo. Mimi navipenda vificho hivi kuliko aina nyingine yoyote, lakini nakiri sababu yao ni ya haki. Kificho cha kawaida hupita kwa mhakiki kabla ya kutangazwa: anaangalia kama kiko angalau mita 161 kutoka kingine, kama hakipo kando ya reli au kambi ya jeshi au kwenye uwanja wa shule, na kama mwenye eneo amekubali. Kificho kinachohama kinahakikiwa mara moja tu, pale kilipoanzia. Kuanzia siku ya pili kinaweza kuwa popote, na aliyekiweka hapo hajaulizwa na mtu.

Ndiyo maana ninasema mhakiki sasa ni wewe. Kila swali ambalo mhakiki angekuuliza, jiulize mwenyewe kabla hujainama kuficha, na ujijibu kwa ukali uleule.

Mnaotaka kucheza aina hii leo, tafuteni kwenye tovuti za Opencaching zinazoikubali, ambako anayekihamisha anaandika taarifa ya kuhama pamoja na viwianishi vipya. Anayetaka tu kuona kitu kikisafiri bila kuhamisha kopo zima anaweza kutumia Travel Bug, kibati chenye namba ambacho kimekuwapo tangu 2001, au GeoKrety, huduma ya bure iliyoanzia Poland mwaka 2007, ambamo unasajili kitu chako na kukichapishia lebo mwenyewe. Vitu hivyo husafiri kutoka kificho kimoja cha kudumu hadi kingine, kwa hiyo swali la mahali huwa limeshajibiwa na aliyeficha kopo. Kama ndiyo unaanza, anza na hivyo. Ila usipige picha namba ya siri iliyo kwenye kibati ukaiweka hadharani, kwa sababu yeyote atakayeiona ataweza kudai amekiona wakati hajakigusa.

Kabla hujakitoa kilipo

Mwaka wangu wa pili nilichukua kopo la kuhama kutoka kwenye kisiki kilichooza katikati. Lilikuwa kopo la plastiki la lita moja hivi, lenye vibano vinne na mpira wa kuzuia maji, na daftari lake lilikuwa limejaa hadi zaidi ya nusu. Nililichukua Jumamosi jioni bila kujua nitalipeleka wapi. Nikaona si vizuri kuliweka mahali pa hovyo, nikawa natafuta mahali panapolistahili. Siku ya tisa mvua ikinyesha, simu ikaita. Alikuwa kijana mmoja ninayecheza naye, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Dada, kisiki kipo, kopo halipo. Niko hapa tangu saa nane." Alikuwa ametafuta saa mbili nzima, amegeuza kila kipande cha gome na kukirudisha kilipokuwa. Sikuwa nimeandika popote kwamba ninalo.

Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuvunji. Sitoi kopo lilipo kabla sijajua nitalipeleka wapi. Kama sina mahali, naandika jina langu daftarini, nalirudisha vilevile, na ninakwenda kutafuta mahali kwanza. Hakuna anayenidai nilihamishe siku hiyohiyo. Kulipata ni kulipata.

Mahali ninapapata hivi: naangalia kwenye ramani ya mchezo kama hakuna kificho kingine karibu, kisha nakwenda kwa miguu, mikono mitupu, nikiangalia tu. Usiipuuze hatua hii ya ramani. Nimewahi kuweka kopo la kuhama hatua themanini hivi kutoka kwenye kificho cha kudumu ambacho sikujua kipo, na wachezaji wawili wakaandika majina yao kwenye daftari la kificho kisicho chao, kila mmoja akiamini amepata alichokuja kukitafuta. Ilibidi niwaandikie wote wawili, pamoja na wenye vificho, kuwaeleza kwamba kosa ni langu.

Halafu dakika ileile unapokitia begini, ukiwa bado umesimama pale, andika kwenye ukurasa wake: nimekichukua, kiko mkononi, natarajia kukificha kabla ya tarehe fulani. Taja tarehe. Ujumbe huu unamwokoa mtu asisafiri bure, na pia unakufunga wewe. Kama mtandao haushiki pale, uandike mara tu unaposhika, kabla ya jambo lingine lolote. Wiki mbili ndizo mwisho wangu. Ikifika siku ya kumi na mahali nilipopachagua pameshindikana, naliweka mahali pengine pa kawaida tu, salama na panapofikika. Kopo lililo mahali pa kawaida linachezeka, na lililo begini halichezeki.

Ukisafiri nalo mbali, fikiria wanaokuja baada yako. Kupeleka kopo nchi nyingine kunafurahisha na kilomita zinaongezeka, lakini ukiliacha mahali ambako hakuna wachezaji, litakaa humo hadi lioze. Angalia kwenye ramani kama pana vificho vingine eneo lile na kama vimetembelewa miezi ya karibuni. Na kama ni sanduku la chuma la kuwekea risasi za bunduki, lile wanalolipenda sana Marekani, usijaribu kupita nalo uwanja wa ndege.

Kukificha

Nichague mfano mmoja nilioufanya mwenyewe, kwa sababu maneno ya jumla hayafundishi kitu hapa. Kuna mti mkubwa ulioegemea upande mmoja, na mizizi yake ya juu imeacha nafasi kama ya ngumi mbili kati yake na ardhi. Nilikaa pembeni dakika ishirini kwanza, nikijifanya ninafunga kamba za viatu na kusoma simu, nione nani anapita na anaangalia wapi. Wapita njia wanaangalia mbele na simu zao, lakini watoto na mbwa wanaangalia chini. Mbwa wawili walipita na hawakuusogelea mzizi ule, nikaridhika.

Sikuchimba. Kificho hakichimbiwi shimo, hata dogo, kwa sababu anayefuata atachimba na yeye, na wa tatu atachimba pengine kwa kubahatisha, na mwisho mwenye eneo anakuta ardhi imevurugwa. Nililisukuma kopo ndani hadi kifuniko kikaelekea ndani na kitako kikaelekea nje, kwa kuwa maji yakichuruzika kwenye mzizi yatapiga kitako badala ya mshono wa kifuniko. Mbele yake niliegemeza kipande cha gome kilichokuwa kimelala hapohapo. Kilichokuwa hapohapo, si nilichokileta: gome la mti mwingine lina rangi nyingine, na mtu yeyote mwenye macho ataliona kutoka njiani. Kisha nikarudi hatua tano nyuma nikatazama, nikaenda upande wa pili nikatazama tena.

Kabla ya kulifunga, futa mpira wa kifuniko kwa kidole. Punje moja ya mchanga inatosha kupitisha maji, na mara nyingi ndiyo inayoharibu daftari, si kopo bovu. Daftari liwe ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu, na kalamu iwe ya risasi. Wino wa kalamu ya kawaida ukilowa unatawanyika na jina halisomeki tena. Risasi inabaki hata karatasi ikilowa na kukauka mara kadhaa. Usiweke chakula wala kitu chenye harufu, wanyama watalitafuna kopo kukifuata. Na hapohapo, kabla hujafunga, piga picha kurasa za daftari zilizoandikwa tangu kificho kilipohama mara ya mwisho. Nitasema mbele kwa nini.

Kopo liandikwe nje, kwa rangi isiyofutika, kwamba ni la mchezo na halina madhara. Kisanduku kisichojulikana mahali pa watu kimewahi kuleta polisi na vikosi vya kutegua mabomu katika miji mbalimbali, na kopo linalohama liko hatarini zaidi kwa sababu hakuna mtaa ulioizoea sura yake. Usiliweke chini ya madaraja, karibu na majengo ya serikali, wala vituo vya usafiri, hata kama kificho kingekaa vizuri kiasi gani.

Kupima, na hapa usiwe na haraka

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pote, kwa sababu kificho kinachohama hakina historia ya mahali. Kificho cha kudumu kikiwa na namba mbaya, wa kwanza atalalamika, mwenyewe atarekebisha, na wa kumi hatajua kwamba kulikuwa na tatizo. Chako kitatafutwa mara moja tu kwa namba hizi. Ukikosea, huyo mmoja ndiye atakayelipa.

Tumia mfumo wa viwianishi uitwao WGS84, ambao ndio wa kawaida kwenye mchezo huu, na uandike kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu. Ujue uzito wa kila tarakimu. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,852 ardhini. Kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ni chini kidogo ya mita 2, ya pili ni kama mita 18.5, na ya kwanza ni kama mita 185. Ukikosea ya tatu, mwenzako atapata. Ukikosea ya kwanza, yuko kwenye mtaa mwingine.

Makosa makubwa zaidi huja kwa kuchanganya namna za kuandika. Tuseme umesoma nyuzi 12 na dakika 30.500, kisha ukaziandika mahali panapotaka nyuzi za desimali kama 12.30500. Nyuzi 12.30500 ni sawa na nyuzi 12 na dakika 18.3, kwa hiyo umelihamisha kopo zaidi ya kilomita 22 bila kuligusa. Mwingine anaona dakika 30 na sekunde 30 akaandika 30.300, wakati jibu ni 30.500, na hapo amepoteza mita kama 370. Na kuna herufi ya upande: ukisahau Kusini, au ukiacha alama ya kutoa, umempeleka mtu ng'ambo ya ikweta.

Simu nzuri chini ya anga wazi hukosea mita tano hivi. Chini ya majani mazito na kando ya kuta ndefu hukosea zaidi, kwa sababu ishara ya setilaiti inagonga ukuta kwanza ndipo inafika kwako, na simu inadhani imesafiri mbali zaidi ya ilivyosafiri. Simu pia hupenda kujikadiria kwa mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu kabla setilaiti hazijatulia. Kwa hiyo usisome namba ya kwanza inayotokea. Weka simu juu ya kificho chenyewe, ikitazama juu, isubiri dakika tatu au nne hadi makadirio ya usahihi yaache kushuka, ndipo uandike.

Kisha ondoka. Tembea hatua arobaini, rudi kutoka upande mwingine, pima tena. Fanya mara nne ukiweza, na kama mahali pako ni pa karibu, moja kati ya hizo iwe siku nyingine, kwa sababu setilaiti zitakuwa zimebadilisha mahali angani. Pale kwenye mzizi wangu nilipata sehemu ya dakika hizi kwa latitudo: .412, .415, .409, .414, na moja ya .431. Hiyo ya mwisho niliiacha, iko mbali na wenzake kwa mita 30 hivi au zaidi, na nilikuwa nimesimama upande wa shina uliofunika anga. Wastani wa nne zilizobaki ni .4125, nikaandika .412. Longitudo nikafanya vivyo hivyo. Mwisho niliziingiza namba hizo kwenye simu kama mtafutaji, nikaanzia njiani, nikaifuata mishale. Ilinifikisha hatua tatu kutoka kwenye mzizi. Hapo ndipo nilipokubali kuondoka.

Kuandika

Andika ukiwa hapohapo, au usiku huohuo. Namba unazoziandika kesho unaziandika kwa kumbukumbu, hata kama unaziona kwenye karatasi, kwa sababu umeshasahau ipi ulishaitupa.

Taarifa yangu ina mambo haya na huwa haizidi sana hapo: viwianishi, siku na saa niliyokificha, hali ya kopo na daftari na kurasa zilizobaki, njia ya kufikia, na jambo lolote la hatari kama mteremko, nyuki au geti linalofungwa jioni. Halafu naandika fununu. Fununu nzuri inamsaidia aliyefika na kukwama, haimwambii kila kitu aliyekaa nyumbani. "Mti ulioegemea, upande usioonekana kutoka njiani, chini" inatosha. "Chini ya mti" haimsaidii mtu yeyote penye miti. Kwenye Geocaching.com fununu hufichwa kwa kusogeza kila herufi nafasi kumi na tatu za alfabeti, ili macho yasiione kwa bahati mbaya. Kwenye tovuti isiyofanya hivyo, iweke mwisho kabisa, mbali na maelezo mengine.

Ukishaandika, fungua ukurasa upya kama mgeni na uzisome namba zako dhidi ya karatasi yako, tarakimu moja moja, kwa sauti. Inachukua nusu dakika.

Ukitaka kuanzisha chako

Chagua kopo utakalokubali kulipoteza, lakini lisiwe bovu. Kati ya nusu lita na lita moja panafaa: kidogo zaidi ya hapo daftari linajaa haraka, kikubwa zaidi mtu anashindwa kukibeba na kukificha. Lijaribu kwa kuweka karatasi kavu ndani, ulifunge, ulizamishe ndani ya ndoo usiku kucha ukiliwekea jiwe juu. Asubuhi karatasi ikiwa na doa hata moja, tafuta jingine.

Ndani ya kifuniko bandika maelezo mafupi yaliyofunikwa kwa plastiki: kificho hiki kinahama, kichukue kama una pa kukiweka, kiandike kimechukuliwa, kifiche ndani ya siku kumi na nne, andika namba. Ongeza mpaka wa eneo kama unao. Mimi nilijiwekea mpaka baada ya kopo langu la kwanza kwenda mbali sana mara moja tu na kunyamaza, kwa hiyo sasa naandika kwamba kila mhamo usizidi kilomita 50. Hatua fupi fupi zinaleta wachezaji wengi zaidi wanaoligusa, na napata barua zao. Eleza pia kama aliyekipata zamani anaruhusiwa kukitafuta tena kikihama. Usipolisema, watu watagombana kwenye ukurasa wako.

Kisha kifuatilie. Mwenye kificho cha kudumu anaweza kwenda kukitazama. Wewe huwezi, unachoweza ni kusoma kila taarifa na kuwaandikia watu. Siku kumi na nne zikipita tangu mtu aseme amekichukua, mwandikie kwa upole, bila lawama, na umwambie kwamba mahali popote salama panatosha. Mara nyingi anaona aibu kwa kuchelewa, na kadiri anavyoona aibu ndivyo anavyozidi kukaa nalo. Mpe njia ya kutoka: jitolee kwenda kulichukua, au umtafutie mchezaji wa karibu naye wa kulipokea.

Siku sitini zikipita bila jibu, mimi huandika kwenye ukurasa kwamba kificho kimesimama, ili asiwepo mtu anayekwenda kuhangaika. Kisha natengeneza kopo jingine. Kopo langu la kwanza halikurudi. Lakini wachezaji walikuwa wamepiga picha kurasa walizoziona, kila mmoja zake, na nilipowaomba walizituma zote isipokuwa mbili. Nilikaa jioni tatu nikinakili majina na tarehe kwa mkono kwenye daftari jipya, kwa mpangilio uleule, nikiacha mistari mitupu pale ambapo picha hazikupatikana. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika viwianishi vya mahali kopo la kwanza lilipoanzia, na chini yake vya mahali la pili lilipoanzia, mita chache kutoka hapo. Limeshahama mara tisa. Mmoja wa waliolibeba alikuta mstari mtupu uliokuwa wake, akaujaza.